Shangazi, haya majani ya porini yanasafisha damu kweli?

Majira ya kuchipua yakifika majani yanachomoza na barua zenu nazo zinachomoza, alafu karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: yale majani yanayoota yenyewe bila kupandwa, nikichuma nikachemsha nikanywa, ntapata nguvu? Nimechagua nne. Wale mlioniuliza kuhusu dawa ya mapenzi mmekosea mlango.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi naamka nimechoka, nalala nimechoka. Rafiki yangu kaniambia nichemshe neto, ule mmea unaowasha, ninywe mwezi mzima eti unaongeza damu. Nimeenda kuuchuma mikono mitupu, vidole vimewaka moto mpaka usiku. Nimechuma mmea sio au ndo ulivyo? Na kuhusu damu ni kweli?
Mchovu

Marahaba mwanangu, pole na vidole. Mmea ni wenyewe, ulichosahau ni glovu. Wapo wanaouita upupu kwasababu unawasha, ila upupu halisi ni mtambao wenye maganda ya manyoya, huu ni mwingine kabisa. Ukiangalia jani la neto kwa karibu utaona vinywele vyeupe vimesimama, kila kimoja ni kama sindano ya kwenye bomba, ncha yake ni silika, yaani karibu sawa na kioo, ukiigusa inavunjika na kukuchoma na kukumwagia histamini na wenzake humo humo. Histamini ndo ile ile inayokuwasha ukiumwa na mdudu. Habari njema ni kwamba vile vinywele havivumilii moto, ukitumbukiza majani kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu yananyong'onyea na hayawashi tena, na ukiyakausha vizuri pia yanapoa.

Sasa damu. Neto ina madini ya chuma kweli, ina kalsiamu, ina vitamini K nyingi. Lakini chuma cha kwenye majani mwili unakifyonza kwa shida kuliko cha kwenye nyama, na ukichemsha majani ukanywa maji tu, sehemu kubwa ya hicho chuma unaitupa pamoja na makapi, kwahiyo kama unataka faida kula majani yenyewe kama mboga, kamulia limau juu yake manake vitamini C inasaidia chuma kupita, na chai ya majani iache mpaka saa moja au mbili baadae kwasababu ule ukakasi wake unakishika chuma kisiingie. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakunywa maji ya neto asubuhi na chai nyeusi juu yake alafu wanashangaa.

Kuchuma: vaa glovu, chukua mkasi, kata kile kichwa cha juu tu, majani manne mpaka sita ya mwanzo, na uchume kabla mmea haujatoa maua. Ukishatoa maua majani yanatengeneza vijiwe vidogo vya chokaa ndani, vinaweza kusumbua njia ya mkojo, na hata mdomoni utavisikia. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilichuma majani makubwa makubwa nikaona nimepata bahati, nikapika, nikatafuna, nikatafuna, ilikuwa kama kutafuna blanketi lenye mchanga. Sikurudia.

Lakini mwanangu, hujaniambia umechoka kwa muda gani. Kama ni wiki mbili za kazi nyingi, sawa, kula mboga ulale. Kama ni miezi, nenda wakakupime damu, sukari na tezi ya shingoni kwanza, hasa kama ni mwanamke na hedhi yako ni nzito. Neto haijui kwanini umechoka. Nimeshaona watu wanakunywa majani mwaka mzima kumbe tatizo lilikuwa la kutibiwa kwa kidonge kimoja kwa siku.

Na kama unatumia dawa za presha, za sukari, au zile za kuzuia damu kuganda kama warfarini, usianze kuinywa kila siku kabla hujamuuliza daktari wako. Neto inakukojoza kidogo na inaweza kushusha presha kidogo, na ile vitamini K inapigana na warfarini moja kwa moja. Mjamzito nae asubiri.

*

Mambo Shangazi. Naona mitandaoni wanauza detoksi ya dandelioni, lile gugu la maua ya njano, siku saba inasafisha ini na damu, bei yake sasa! Mimi dandelioni zimejaa kwenye nyasi nje hapa. Naweza kujitengenezea bure?
Bahili

Poa bahili wangu. Kujitengenezea unaweza, kusafisha damu hapana. Damu inasafishwa na ini na figo, usiku na mchana, bila kuambiwa, na zikishindwa hiyo kazi utakuwa umelazwa, hutakuwa mtandaoni unanunua majani.

Ila usidhani wazee wa zamani walikuwa waongo, hapa pana stori nzuri. Kwenye nchi za baridi kabla ya mafriji watu walipitisha miezi na miezi wakila vitu vikavu na vya chumvi, nafaka, nyama ya kukaushwa, kijani hakuna. Mpaka baridi inaisha wengine fizi zinavuja damu, miguu mizito, vidonda haviponi. Alafu theluji ikiyeyuka vitu vya kwanza kuota ni haya haya magugu, neto, dandelioni, steleria, wanakula, baada ya wiki kadhaa mtu anajisikia mpya. Wewe ungesemaje? Ungesema damu yangu ilikuwa chafu imesafishwa. Kumbe iliyokuwa imepungua ni vitamini C. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye ugonjwa huo wa fizi akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake, waliopewa machungwa na malimau ndo walioinuka haraka. Kilichokuwa ndani ya hayo machungwa kilikuja kujulikana vizuri miaka ya 1930 na Albert Szent-Györgyi akapewa Nobel mwaka 1937. Kwahiyo lile neno "toniki", yaani kinywaji cha kurudisha nguvu, ambalo haya majani yaliitwa, lilikuwa na ukweli wake, kwa mtu aliyekaa miezi bila mboga. Wewe unayekula mboga na matunda mwaka mzima usitegemee muujiza ule ule.

Haya, dandelioni yenyewe. Majani machanga yana betakarotini nyingi, potasiamu, na ule uchungu. Uchungu ndo mimi naupenda kuliko vyote, ukilitafuna jani moja mbichi kabla ya kula, mate yanajaa mdomoni na tumbo linajua chakula kinakuja. Hiyo ndo toniki ninayoiamini, wala haihitaji siku saba. Katakata majani machache uchanganye na kachumbari, ukiona ni machungu sana yachemshe kidogo umwage maji ya kwanza. Mizizi unaichimba, unaosha, unakatakata, unaioka mpaka iwe kahawia, unasaga, inatoka kinywaji kama kahawa isiyo na kafeini. Mizizi ina inulini ambayo bakteria wa utumbo wanaipenda, ndo maana ukinywa kikombe kikubwa siku ya kwanza tumbo linaweza kuunguruma kama lori.

Kuhusu wale wanaosema wamepungua kilo mbili kwa wiki: Wafaransa wanaliita jani hili pissenlit, yaani kojoa kitandani, sasa nadhani umeshajua hizo kilo zimeenda wapi. Ukinywa maji zinarudi.

Hakikisha ndo yenyewe. Majani yote yanatoka chini kabisa, hakuna jani kwenye kikonyo cha ua, kikonyo kina tundu katikati kama mrija, ukikikata kinatoa maziwa meupe, na kila kikonyo kina ua moja tu. Ukikuta kikonyo kimegawanyika matawi na maua mengi, huyo ni ndugu yake. Mwenye mawe kwenye nyongo aachane nayo, na mwenye aleji ya alizeti au maua ya jamii hiyo vile vile.

*

Shangazi naomba jibu la haraka. Nimechuma kitunguu saumu pori kikapu kizima, nanusa naona sawa ila kuna majani kama matatu yana mng'ao tofauti. Nikinusa nayo yananuka kitunguu. Nitoe hayo matatu nile mengine?
Mpishi

Mwaga kikapu chote! Na unawe mikono kabla hujagusa kitu kingine.

Nikupe sababu. Kile kitunguu kinaota sehemu moja na konvalaria, ile yenye maua meupe kama vikengele, na pia kuna kolkikamu, majani yao yakiwa machanga yanafanana sana. Konvalaria inavuruga mapigo ya moyo, kolkikamu ndo mbaya zaidi, inaanza kama kuharisha tu alafu viungo vinafeli kimoja kimoja, na watu wamekufa kwa kosa hilo hilo. Ile habari ya kunusa inafanya kazi kwenye jani la kwanza tu. Ukishachuma majani kumi mikono yako yenyewe inanuka kitunguu, ukilifikicha la sumu litanuka kitunguu pia. Dawa ni kuangalia jani moja moja linavyotoka ardhini: la kitunguu saumu pori lina kikonyo chake peke yake, ya konvalaria yanatoka mawili au matatu yamekumbatiana kwenye shina moja. Anayekomba kwa kiganja haangalii, anakomba.

Mimi kanuni yangu ni hii, mmea ambao siwezi kuutambua kabla sijauchuma, siuchumi. Na mimea ya jamii ya karoti ya porini, ile yenye majani ya kuchanikachanika na maua kama mwavuli, mimi siigusi kabisa, miaka yote hii, manake humo ndo kuna hemloki, ile sumu inayosemekana ndo aliyonyweshwa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akafa. Na kama ulishaonja, usisubiri kuumwa, beba jani nenda hospitali sasa hivi.

*

Hujambo Shangazi, nataka kukausha neto zangu za msimu huu. Mwaka jana zilipata ukungu zote. Na je zile zinazoota pembeni ya barabara zinafaa?
Mama Kabati

Sijambo mama. Za barabarani ziache, vumbi la magari lipo na madini ya risasi ya petroli ya zamani bado yako kwenye udongo, pia neto inapenda udongo wenye mbolea nyingi kwahiyo ukiikuta imestawi kupita kiasi jiulize kwanza hapo kumemwagwa nini. Chuma juu ya usawa wa mguu wa mbwa, unanielewa.

Ukungu ulikuja kwasababu ulifunga mapema. Chuma asubuhi umande ukishakauka, usioshe kama ni safi, funga mafungu madogo ya vikonyo vitano sita tu sio mzigo, ning'iniza kichwa chini penye kivuli na hewa inayopita. Jua linaondoa rangi na harufu. Baada ya wiki moja hivi chukua jani peke yake, kikonyo kiache manake bado kina maji, likunje karibu na sikio. Likilia na kuvunjika, weka kwenye chupa ya kioo kavu, funga, andika tarehe. Likikunjika kimya, rudisha kambani.