Fundi Anajibu: Kuiandaa injini ya Volkswagen kobe kabla ya kuishusha nyumbani

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Volkswagen Beetle ya 1300 ya mwaka 1971, ambayo tunaitumia mpaka leo hapa Tanga. Tangu mwezi uliopita oili inadondoka kati ya injini na giaboksi, na gari likipanda kilima klachi inateleza: injini inalia lakini mwendo hauongezeki. Ninayo nafasi uani na mdogo wangu yupo kunisaidia, kwa hiyo ningependa kuishusha injini mwenyewe. Naomba unieleze nijiandae vipi nisije nikaharibu kitu, na kama vipuri vyake bado vinapatikana.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Injini ya Beetle haina rejeta wala mipira ya maji, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti mbili juu na nati mbili chini, zote za spana ya 17. Kwa hiyo kazi ya nyumbani inawezekana kabisa, ila naomba siku nzima ya kwanza uitumie kwa maandalizi tu.

Kabla hujafungua chochote, zima injini, shika puli ya krenki (gurudumu la mkanda lililo nyuma ya injini, kwenye ncha ya shafti kuu) kwa mikono miwili, ivute kuelekea kwako kisha isukume ndani. Uchezaji unaoruhusiwa hauzidi milimita 0.15, kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi vizuri. Ukisikia "tok, tok" kila unapovuta na kusukuma, ujue beringi imelika, na sili mpya (pete ya kuzuia oili isivuje kwenye krenki) utakayoiweka haitadumu, kwa sababu krenki inayocheza namna hiyo itaiharibu tena. Ni heri ulijue hilo leo kuliko kulijua baada ya kurudisha kila kitu mahali pake. Nusa pia hayo matone: oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, na ukiisikia hiyo, basi huenda sili iliyochoka ni ile ya shafti ya giaboksi, wala si ya injini.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni petroli. Tangi la gari hili liko mbele na limekaa juu kuliko injini, hivyo ukichomoa mpira wa mafuta petroli itaendelea kutiririka yenyewe hata kama injini imezimwa. Anza na betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, ukitoa waya wa hasi kwanza, maana waya mnene wa stata una umeme wakati wote. Kisha ubane mpira wa mafuta kwa kibanio, uchomoe, na uuzibe mara moja kwa bolti laini inayoingia kwa kukaza. Mpira uliopasuka au kukakamaa usiurudishe. Kasha la injini hii limetengenezwa kwa aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Weka karibu kizimamoto cha unga pamoja na ndoo mbili za mchanga mkavu, jiko la mkaa lisiwashwe uani siku hiyo, na mdogo wako aelezwe haya yote mapema.

Osha injini, mwaga oili yake, ambayo ni lita 2.5, halafu uondoe kichungi cha hewa na kuziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi. Waya za dainamo, koili, choki na swichi ya presha ya oili zifunge vipande vya plasta vilivyoandikwa, na upige picha kwa simu kabla ya kuzichomoa. Kebo ya eksileta ifungue kwenye kabureta. Utaivuta kwa upande wa mbele, kwa sababu inapita katika kijibomba kilichomo ndani ya bati la feni, na wengi huisahau hadi inapokatika. Fungua kebo na mipira ya hita kama bado ipo, pamoja na bati la nyuma ya injini.

Katika kuinua gari, kumbuka kwamba breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yatakayokuwa hewani. Kwa hiyo weka vigingi imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Bodi ikae juu ya stendi za chuma au magogo mapana, na kamwe isikae juu ya matofali ya saruji yenye matundu, kwani hupasuka ghafla bila kuonya.

Fungua nati mbili za chini kwanza. Halafu weka jeki ya magurudumu katikati ya injini, na ubao juu yake, uinyanyue mpaka iguse tu, ndipo ufungue za juu. Ile ya kulia ndiyo inayoshika pia stata. Injini hii hukaribia kilo 110, na uzito huo usining'inie hata kidogo kwenye shafti ya giaboksi, maana utapinda klachi pleti. Ivute nyuma ikiwa imenyooka, kama sentimita 10, hadi shafti itoke yote, ndipo muishushe taratibu.

Kuhusu vipuri, usiwe na wasiwasi. Beetle ziliendelea kutengenezwa Mexico hadi mwaka 2003, na sili, klachi pleti na mipira ya mafuta bado vinatengenezwa. Usinunue sili hata moja, hata hivyo, kabla injini haijafika chini. Ikishafika, usiipanguse: washa tochi uangalie kama unyevu umeanzia nyuma ya flaiwili (gurudumu zito linalofungwa kwenye krenki upande wa klachi) au umeshuka kutoka kwenye shafti ya giaboksi.