Wadogo zangu mnaotamani kiti cha mkuu wa kitivo

Juzi mhadhiri wa sheria, mbichi kabisa kwenye uenyekiti wa idara, kaniletea barua ya kumsimamisha mwanafunzi masomo niipitie. Vifungu tele, Kilatini hapa na pale. Nikamuuliza, "Mwanafunzi mwenyewe mmeshamwita?" Kimya. Si wa kwanza huyu, ndiyo maana naandika.

1. Kwenye Seneti, chombo cha chuo kinachosimamia masomo, wahandisi watakuvumilia siku ya kwanza ukinukuu kesi. Siku ya pili wanataka kujua alama za wanafunzi wako ziko wapi.

2. Soma Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na hati ya chuo kabla hujakubali uteuzi. Mitaala na mitihani ni ya Seneti, bajeti na ajira ni za Baraza linaloongoza chuo. Ukichanganya hayo, utajichosha bure.

3. Kamati ya nidhamu. Hapa paliniuma, kwa hiyo nivumilieni. Nilikuwa mwanasheria pekee mezani. Ilikuwa Ijumaa, saa sita inakaribia, nusu ya wajumbe wanawahi msikitini. Kijana anashtakiwa kuingia na karatasi kwenye mtihani. Akaomba kwa adabu aione taarifa ya msimamizi. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikasema, "Tuendelee tu, mambo yako wazi." Kabla ya adhana tulikuwa tumeshamfukuza.

Mimi huyo huyo! Kila mwaka nafundisha kesi ya Ridge na Baldwin ya 1964, mkuu wa polisi wa Brighton aliyefutwa kazi bila kusikilizwa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya, cha haki katika maamuzi ya kiutawala, nakijua kwa moyo, na sheria ya 2015 ya kukitekeleza inataka mtu apewe ushahidi utakaotumika dhidi yake. Kijana akaenda Mahakama Kuu, hapa hapa Mombasa. Jaji hakujishughulisha sana na ile karatasi. Alitaka kujua taarifa ya msimamizi alipewa lini, na wakili wa chuo akabaki kupekua faili. Uamuzi ukafutwa. Wakili wa kijana nilimfundisha mwenyewe, na mpangilio wa hoja zake niliutambua: ni noti zangu. Muhula uliofuata kijana yuko darasani kwangu, safu ya mbele, namfundisha haki ya kusikilizwa. Kama aliiba mtihani au hakuiba, mpaka leo sijui, na kosa ni letu.

Kwa hiyo mpeni mashtaka kwa maandishi, ushahidi, na muda wa kujiandaa. Sababu za uamuzi ziandikeni pia. Na jamani, msipange vikao vya nidhamu Ijumaa asubuhi.

4. Kumbukumbu za kikao zithibitishwe kikao kinachofuata, si siku mkishapelekwa kortini.

5. Endelea kuchapisha. Ukuu wa kitivo una muhula, uprofesa ni wako.

6. Uamuzi wa kamati hupelekwa kwa barua. Nimeshaona kusimamishwa kwa mwanafunzi kumebandikwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, katikati ya dua ya asubuhi na tangazo la harusi ya Likoni. Mzee mmoja wa uhasibu akajibu, "Amina."