Dubai–Guangzhou: masaa 11 kwenda, masaa 4 kurudi?

Mkuu, tiketi yako haijakosewa. Umesema unatoka Dubai saa 4 asubuhi na kutua Guangzhou saa 3 usiku, halafu kurudi unaondoka saa 6 usiku na kufika Dubai saa 10 alfajiri. Saa za kwenye tiketi huwa ni za pale pale ndege inapoondokea au inapotua, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa masaa 4. China nzima, pamoja na ukubwa wake wote, inafuata saa ya Beijing. Basi kwenda toa 4, kurudi ongeza 4: hewani ni masaa 7 kwenda na 8 kurudi.

Umbali ni uleule, kama kilomita 5,800. Kinachobadilika ni upepo. Huko juu, mita elfu kumi na zaidi, kuna mkondo wenye nguvu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda mkondo huo unaisukuma ndege, ukirudi ndege inaukabili. Fungua ramani kwenye skrini ya kiti cha mbele yako utajionea. Kwenda nimeona mwendo ukivuka kilomita 1,000 kwa saa, kurudi ukisoma 800 na ushee. Januari tofauti inakuwa kubwa zaidi, maana majira ya baridi mkondo huo hupata nguvu na kushuka kusini hadi kaskazini mwa India, kwenye njia hii hasa. Julai hupanda hadi kaskazini mwa Tibet, nafuu ikapatikana. Dar–Dubai, kilomita 4,000 hivi, huoni mambo haya sana kwa sababu unaelekea zaidi kaskazini.

Sasa la muhimu kwa mfanyabiashara anayetokea Dar. Ukitua saa 3 usiku, Dar ni saa 10 jioni. Upange foleni ya uhamiaji, usubiri begi, kisha utoke Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, mpaka Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, kama kilomita 30. Unaingia hotelini usiku mkubwa na usingizi hauna habari na wewe. Asubuhi saa 3 ajenti anakugongea mwende sokoni, na mwili wako unajua ni saa 10 alfajiri. Tafadhali usilipe advansi siku hiyo. Zunguka, chukua bei na sampuli, uliza katoni moja inabeba vipande vingapi, hela itoke kesho yake. Wanaofuata maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara hapo Guangzhou, Aprili au Oktoba, wafike siku moja au mbili kabla.

Kuhusu kurudi, ndege ya kuunganisha Dubai kwenda Dar usiibane ndani ya saa moja na nusu, hasa Desemba hadi Februari. Acha masaa matatu, na safari yote iwe kwenye tiketi moja, ili ukichelewa shirika ndilo likutafutie ndege nyingine.