Kusimamia Mradi wa Programu Hatua kwa Hatua: Ushauri kutoka Lamu

Wateja wangu wengi ni wenye nyumba za wageni hapa Lamu, na karibu wote hutaka mfumo wa kutunza nafasi za wageni uwe tayari kabla ya Desemba, biashara inapochangamka. Bei hukubaliwa mapema, tarehe haisogei, na mwenye nyumba mara nyingi anaishi mbali, hivyo si mtu wa kuketi naye kila wiki. Kwa kazi ya namna hiyo sijaona utaratibu unaofaa kuliko ule wa hatua kwa hatua: mahitaji, usanifu, uandishi wa programu, majaribio, kisha kukabidhi na matengenezo, na hatua moja haianzi mpaka iliyotangulia imetiwa saini.

Muda mwingi utumie kwenye mahitaji, hata kama mteja anakuuliza mbona hajaona kitu. Usitosheke na maelezo ya tajiri, yaani mwenye nyumba. Mketie karani na umwombe akufungulie daftari. Katika nyumba moja ya Shela nilikuta majina mengine yameandikwa kwa kalamu ya risasi na mengine kwa wino, na nilipouliza, karani alinijibu kama anayelishangaa swali lenyewe: "Huyu wa risasi hajatuma arubuni, ndugu yangu." Tajiri hakuwahi kunitajia jambo hilo, ilhali kazi yote ya nyumba ile ililitegemea. Daftari hilohilo lilionyesha kwamba nyumba hukodishwa chumba kimoja kimoja, na pengine nzima kwa familia moja, jambo ambalo likigunduliwa wakati wa majaribio huilazimu hifadhidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, kusukwa upya. Lilionyesha pia bei za Maulidi, ambazo haziwezi kufungwa kwenye mwezi wa Januari wala wa Juni, kwa kuwa sikukuu hiyo hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida.

Hapo ndipo pa kuuliza pia nani ataziona picha za pasipoti za wageni na zitafutwa lini, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu mwenye nyumba ndogo kama inavyomhusu mwenye hoteli.

Wapo wanaoubeza utaratibu huu kuwa umepitwa na wakati, na hoja yao si bure. Winston Royce, mhandisi wa Marekani, alizichora hatua hizi katika makala yake ya mwaka 1970, na humohumo akaonya kwamba kuzifuata moja kwa moja, majaribio yakiachwa mwisho, ni kujitafutia hasara. Akashauri kwamba programu ambayo haijawahi kujengwa ijengwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia. Mimi nimeuchukua ushauri huo kwa kiasi cha mfuko wa wateja wangu: kabla usanifu haujafungwa, nachora kurasa za mfumo kwenye karatasi, na karani anampokea mgeni wa kubuni akinionyesha kwa kidole angebonyeza wapi. Anapokwama, nafuta na kuchora tena, na hakuna programu iliyoharibika.

Ombi jipya likija baada ya saini, usilikatae wala usilikubali kwa mdomo. Liandike, eleza litaongeza siku ngapi na gharama gani, kisha mwenye fedha aamue. (Ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliotumwa usiku wa manane si makubaliano, hata ukiwa umeanza kwa salamu ndefu.)

Majaribio yafanyieni katika nyumba yenyewe, kwa simu ya karani, wakati wa Kusi, msimu wa upepo wa kusini, katika miezi ambayo wageni ni wachache, na daftari liendelee kuandikwa sambamba na mfumo. Zimeni intaneti kusudi muone nafasi iliyokuwa ikihifadhiwa inaishia wapi, na mjaribu malipo ya M-Pesa yaliyotumwa pungufu, maana yatakuja.

Mteja asiyejua bado anataka nini, kwa mfano anayebuni huduma mpya ya kukodisha mashua, utaratibu huu utamtesa. Huyo namjengea kipande kidogo, akitumie, ndipo tuzungumze kinachofuata, na simwandikii bei moja ya kazi nzima.