Mchoro wako una milango yote imefungwa

Mwanangu,

Marahaba, sisi hatujambo. Mchoro wako nimeupata, nikauchapa kwenye karatasi na kuutandaza mezani. Tangu juzi baba yako anakunywa chai yake barazani, kwa amri yangu, asije akaumwagia.

Umeniuliza makabati yaanzie wapi, na friji, sinki, jiko na mashine ya kuosha vyombo vikae upande gani, kwa kuwa fundi seremala anataka jibu kabla hajakata mbao. Umechora makabati kuta zote mbili ndefu, friji umeisukumia kwenye kona, na sinki unataka ihame kutoka chini ya dirisha iende ukuta wa pili.

Umechora vizuri, mistari imenyooka kuliko yangu. Kosa lake ni kwamba milango yote imefungwa. Hapo kwenye karatasi friji ni kisanduku, oveni kisanduku, droo hazionekani kabisa, na kila kitu kimeenea. Lakini jikoni ni mahali pa kufungua na kufunga kutwa nzima. Basi chukua penseli, uchore kila mlango ukiwa wazi na kila droo ikiwa imevutwa mpaka mwisho, kisha mbele yake umchore na mtu, maana mlango wa oveni haujifungui.

Anza na njia ya katikati. Chumba kina upana wa sentimita 230. Umetoa 60 za makabati ya huku na 60 za kule, ukaandika 110. Hesabu ni sahihi, ila uso wa kaunta hutokeza mbele ya milango sentimita 2 au 3 kila upande, na vishikio navyo vinadai vyao. Umebaki na mita moja na ushee. Sasa lalisha mlango wa mashine ya kuosha vyombo: unatoka kama sentimita 60. Kilichobaki ni 40 na kitu, yaani wewe umeinama unapanga sahani, na mumeo hapiti mpaka uinuke. Mtu mmoja akipika peke yake, 105 au 110 zinamtosha. Wawili wanahitaji 120. Nanyi nawajua, hamjawahi kukaa jikoni mmoja mmoja.

Dawa yake ni kuufanya ukuta wa pili uwe mwembamba. Weka pale makabati ya kina cha sentimita 35, yapande mpaka juu. Utadhani unapunjwa, lakini kabati lisilo na kina halifichi kitu: chochote unachotaka kiko safu ya kwanza au ya pili. Njia nayo itafika karibu 130.

Vifaa vyote vizito vikae ukuta wa dirisha, wenye sentimita 380. Nimevipanga hivi, kutoka upande wa mlango: friji 75 pamoja na nafasi yake ya kupumua, mashine ya kuosha vyombo 60, sinki 80, kaunta tupu 70, jiko 60, kaunta nyingine 30. Jumla 375. Hizo 5 zilizosalia usizimalize, nitakwambia ni za nini.

Sinki iache ilipo. Bomba la maji safi linaweza kupelekwa popote, lakini la maji machafu linataka mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, na kulivusha hadi ukuta wa pili ni kuchimba sakafu nzima ili upate nini? Hapo ulipo una mwanga wa dirisha mikononi. Halafu mashine ya kuosha vyombo inapenda kuwa ubavuni mwa sinki, mabomba yanakuwa mafupi na vyombo vichafu havidondoshi maji njiani.

Friji kwenye kona ndilo lililonikera zaidi. Mlango wake ukigonga ukuta kabla haujavuka nyuzi 90, zile droo za ndani hazitoki. Utaishi na friji mpya usiyoweza kuitoa droo yake uioshe. Pale nilipoiweka, muulize muuzaji kama bawaba zinahamishika, ili mlango ufungukie upande wa kwenye nafasi na mkono wako uangukie moja kwa moja kwenye kaunta iliyo juu ya mashine. Hapo ndipo utakapotua ulichobeba. Watu hupima kaunta kwa urefu wake wote, mimi huuliza swali moja tu: nikitoa kitu hapa, nakiweka wapi? Kando ya friji sentimita 38 zinatosha. Kando ya jiko nataka 30 upande mmoja na 38 au zaidi upande wa pili, kwa sababu sufuria inayochemka haingoji utafute pa kuiweka.

Umesema umesoma habari za ile pembetatu ya friji, sinki na jiko, yaani njia tatu anazopita mpishi kati ya hivyo vitu vitatu, ukahofia kwamba vikikaa ukuta mmoja pembetatu inakufa. Ife tu. Ilipigiwa hesabu katika miaka ya 1940 kule Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa ajili ya mpishi mmoja. Katika chumba chembamba, cha maana ni mfuatano: unatoa, unaosha, unakata, unapika. Hizo sentimita 70 kati ya sinki na jiko ndipo utakaposimama muda mwingi kuliko popote, usikubali mtu akushauri kuweka maikrowevu hapo. Na wala usione chumba ni kidogo. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, mwaka 1926 alibuni jikoni la nyumba za Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa 3.4 hivi, na maelfu yakajengwa. Alijifunza hata kwenye majiko ya mabehewa ya treni. Lawama iliyokuja baadaye ni kwamba humo anaenea mtu mmoja tu, ndiyo sababu nakukazania hizo 130.

Sasa zile sentimita 5. Unakumbuka ule mkato kwenye fremu ya mlango wetu wa jikoni, uliokuwa ukiingiza kidole ulipokuwa mdogo? Nilikwambia ni panya. Haukuwa panya. Fundi alipofunga makabati, droo ya mwisho iligusana na ukuta, safi kabisa, hata unyoya haupiti. Alipoondoka nikaivuta, ikatoka upana wa vidole vinne ikagoma. Fremu ya mlango ilikuwa imetokeza kuliko ukuta, na hakuna aliyeichora, mimi nikiwa wa kwanza. Baba yako akachukua tupa na patasi, akaila fremu jioni nzima. Kwa hiyo mwisho wa kila safu inayofika ukutani, weka kipande cha ubao cha kuziba, sentimita 4 au 5, ndipo kabati lianze. Kipande hicho hicho kitakusaidia ukuta usiponyooka, na hautanyooka. Upime chini, katikati na juu, umpe fundi kipimo kidogo kuliko vyote.

Makabati ya chini, fanya droo kila unapoweza. Mlango wenye rafu unakupigisha magoti na kukutia kichwa gizani, huku kile unachokitafuta kimejificha nyuma kabisa. Droo inakuletea vyote. Chini ya sinki tu ndipo uache mlango, kwa ajili ya mabomba. Na fundi asisahau kurudisha ubao wa chini nyuma sentimita 7 au 8, vidole vya miguu vipate pa kuingia, la sivyo mgongo utakulipisha.

Kimo cha kaunta ambacho mafundi wamezoea ni 90. Wewe simama wima, kunja kiwiko, upime kutoka kiwiko mpaka sakafuni, kisha utoe 10 hadi 15. Ikitoka 95, mwambie 95, ila kwanza hakikisha jiko lina miguu ya kurefusha. Makabati ya juu yaanze sentimita 50 juu ya kaunta. Juu ya jiko usiweke kabati, weka feni ya kunyonya moshi, na umbali wake ufuate kitabu cha jiko lenyewe, kwani la gesi na la umeme hayafanani.

Umeme ni mfupi: friji iwe na laini yake, oveni yake. Soketi ya mashine ya kuosha vyombo iwe ndani ya kabati la sinki, kwa juu, mbali na mabomba. Ikiwekwa nyuma ya mashine, siku ya kuichomoa mtang'oa kila kitu.

Kabla ya yote hayo, chagua vifaa kwanza, makabati baadaye. Seremala anaweza kupunguza ubao, friji haipunguziki. Kisha bandika tepu ya karatasi sakafuni kufuata vipimo, panga maboksi mahali pa friji na jiko, mjifanye mnapika, wewe na mumeo, kwa robo saa. Mkigongana, sogeza tepu.

Fundi mwambie asubiri wiki moja. Ukishaipata friji unayoitaka, nipigie picha ule ukurasa wa kitabu wenye vipimo mlango ukiwa wazi, usinitumie wa mlango uliofungwa. Baba yako anauliza rangi ya makabati. Nimemwambia bado.

Mama yako