Saa 20 za usukani ndani ya siku tano?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Kijana wangu yuko sekondari na nataka ajifunze kuendesha gari bila kukosa hata kipindi kimoja cha darasani. Chuo kimoja kinasema kitammalizia saa zote 20 kwenye wiki moja ya likizo, saa nne kila siku. Kingine kinataka aende mara mbili kwa wiki, saa moja moja, baada ya masomo. Mimi naona cha kwanza kinatupunguzia usumbufu. Unashauri nini?

JIBU: Mzazi mwenzangu, chukua cha pili. Siku moja iwe jioni asiyokuwa na michezo, nyingine Jumamosi asubuhi, na wiki ya mitihani mnapumzika. Ratiba imekwisha hapo.

Kinachonichosha ni hizo saa 20, maana wazazi wanazihesabu kama magunia: yakitimia, mzigo umefika. Niliwahi kuletewa kijana aliyezimaliza kwa siku tano na cheti anacho. Klachi safi, gia anabadili bila kutazama chini. Tukafika kwenye makutano, pikipiki iko ubavuni kwetu. Akatazama kioo, kweli, nilimwona. Kisha akaanza kukata kona. Nikakanyaga breki ya upande wangu. Namuuliza umeona nini kwenye kioo, ananijibu, “Tulifundishwa tutazame kabla ya kukata.”

Mikono hujifunza haraka, macho hayajifunzi hivyo. Alichokishika mwanafunzi leo hukaa vizuri baada ya kulala na kukirudia siku nyingine, tena barabara ikiwa imebadilika: mvua, giza linaingia, foleni. Ile saa ya tatu na ya nne kwa siku moja huwa anazunguka tu huku amechoka, na makosa ndiyo yanageuka mazoea.

Ila hata jioni ina mipaka. Kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na wengi hawaupati. Mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wake hushuka kama wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hufikia hapo saa nne usiku. Gari likiwa kilomita 60 kwa saa, linakula karibu mita 17 kila sekunde. Kwa hiyo ukipewa kipindi cha mwisho cha usiku, kikatae.

Na hawa wa “leseni kwa wiki” (siku hizi mabango yao yako kila nguzo) wengi hufundisha njia ya mtihani tu: kona ile, mteremko ule, rivasi pale. Mtoto anafaulu, kesho yake anakutana na barabara asiyoijua. Kabla hujalipa, omba ukae kiti cha nyuma kipindi kimoja. Ukimwona mwalimu anachezea simu wakati mwanafunzi yuko kwenye usukani, mwambie asimame, mshuke.