"Thou" halikuwa neno la heshima

Unasema "thou", neno la Kiingereza cha zamani lenye maana ya "wewe", lilikuwa la heshima. Hapana ndugu, ni kinyume chake. "Thou" aliambiwa mtu mmoja, tena wa karibu au wa chini: mtoto, mtumishi, rafiki. Mkubwa aliambiwa "you", ambalo asili yake ni la wingi. Ndiyo maana kwenye kesi ya uhaini ya Walter Raleigh, bwana mashuhuri wa Uingereza, mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrushia "thou" makusudi ili amdhalilishe. Na Waquaker wa karne ya 17 (hao hao wa Kanisa la Marafiki, ambao Kenya wamejaa) walijitafutia balaa kwa kuwaambia mahakimu "thou", wakishikilia kwamba watu wote ni sawa.

Hiyo heshima unayoisikia imetokana na Biblia ya King James ya 1611. Watafsiri walitaka kutenganisha umoja na wingi kama ilivyo kwenye Kiebrania na Kigiriki. Fungua Luka 22:31-32: "amewataka ninyi" kwao ni "you", "nimekuombea wewe" ni "thee", yaani "thou" hiyo hiyo ikiwa mtendwa. Baadaye neno likafifia mitaani, likabaki kwenye sala, basi watu wakadhani ni la kifalme.

Ila usiichukue kama sheria kali. Wahusika wa Shakespeare hurukaruka kati ya "thou" na "you" kadiri hasira au mapenzi yanavyopanda, na huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wapo wazee ambao hawajaliacha hadi leo.